Jibu la Swali la Saba

Remilekun alifika nyumbani kwa Mama Abosede Jumanne asubuhi, akiwa na ubao wa kuandikia, penseli mbili na viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Ilikuwa nyumba yake ya arobaini na moja tangu kazi ile ianze. Alipiga magoti mlangoni kama binti aliyelelewa, akawasalimu wakubwa mmoja mmoja, kisha akaeleza kilichomleta. Madaktari wa chuo kikuu walitaka kujua ni watu wangapi katika mji wetu wanaosumbuliwa na maradhi ya ubongo na ya mishipa ya fahamu, nao hawakutaka kukisia. Kila nyumba ingeulizwa. Atakayeandikwa angetembelewa na daktari baada ya siku kumi na kupewa dawa bila malipo.

"Bila malipo leo," alisema bibi, mama mzazi wa Baba Abosede, akiwa ameketi kwenye mkeka wake. "Kesho watakuja kutudai kodi ya vichwa."

"Hapana, bibi. Mimi ni binti yake Akanbi, fundi cherehani wa mtaa wa chini. Nikikudanganya unajua pa kunishtaki."

"Akanbi yule aliyenishonea blauzi, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake?"

"Ndiye huyo huyo, bibi. Hajabadilika."

Watu wakacheka, na Mama Sijuade akacheka kuliko wote. Mama Sijuade hakuwa mtu wa nyumba ile. Alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri, na mbele yake palikuwa na sahani ya samaki wa kukaanga ambaye watoto wa nyumba walimwonja kwa pua tu. Alikuja kusalimia, ndivyo alivyosema, lakini kila mtu alijua ametumwa na nani. Ukoo wa Adegbite ulimtaka Abosede, binti mkubwa, awe mke wa mwana wao mwalimu. Na kwetu ukoo hautoi jibu kabla haujamtuma mtu wa kuketi, kula, kutazama, na kuuliza kwa majirani kama ndani ya nyumba ile kuna kichaa, ukoma au kifafa. Hii ilikuwa mara yake ya tatu.

"Basi nisiwasumbue, mna mgeni," alisema Mama Sijuade, wala hakuinuka.

Maswali yakaanza. Bibi alieleza jinsi mkono wake wa kushoto ulivyolegea mwaka juzi na mdomo ukapinda, akaunyanyua mkono ule kwa mkono wake mwingine ili uonekane vizuri. Baba Abosede, ambaye alikuwa mpasua mbao, alisema kwamba nyayo zake zilikuwa zikiwaka moto, na kwamba akitembea huhisi kama anakanyaga pamba. Mama Abosede mwenyewe alikiri kuumwa na kichwa upande mmoja, mpaka akalazimika kuacha kukaanga gari, ule unga wa muhogo aliouza, na kujilaza. Remilekun aliandika yote.

"Nyumba hii itanimalizia penseli," alisema.

"Niandike na mimi," alisema Mama Sijuade. "Mkono wangu huu hulala kabla yangu mwenyewe."

"Utaandikwa nyumbani kwako, mama. Hapa ukiandikwa, watatuambia tumehesabu mtu mara mbili."

Ilikuwa furaha ya aina yake kuulizwa mambo ambayo siku zote mtu huyavumilia kimya. Kisha Remilekun akafunua ukurasa wa pili.

"Swali la saba. Je, katika nyumba hii yuko mtu aliyewahi kuanguka na kupoteza fahamu, akatetemeka viungo au kutoka povu mdomoni?"

Baba Abosede alitazama vidole vya miguu yake. Bibi akaanza kuchomoa nyuzi za mkeka. Uani, Ayinke, binti mdogo wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na mikono yake ikasimama.

"Hapana," alisema Mama Abosede.

"Hata utotoni? Hata mara moja tu?"

"Binti, umeuliza na nimekujibu."

Remilekun aliandika. Baada ya hapo aliwapanga wote uani ili awapime. Walinyoosha mikono wakiwa wamefumba macho, wakagusa pua kwa kidole, wakasimama kwa mguu mmoja, wakatembea juu ya mstari aliouchora kwa kijiti. Bibi alikataa mguu mmoja, akasema hata hiyo miwili aliyonayo haimtoshi. Ayinke alifanya yote bila kosa. Alitembea juu ya mstari kwenda na kurudi, kichwa juu, kama aliyebeba mtungi.

"Nirudie?" aliuliza.

"Usirudie. Wewe ndiye mzima wa nyumba hii," alisema Remilekun.

Mama Sijuade aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha macho yake yakashuka. "Na hayo makovu ya nyayoni?"

"Alikanyaga makaa akiwa mdogo," alijibu Mama Abosede, upesi kuliko alivyoulizwa.

Hakuwa ameyakanyaga. Mganga ndiye aliyeagiza kwamba akianguka, miguu yake isogezwe motoni mpaka azinduke.

* * *

"Ungemwandikisha mtoto," alisema Baba Abosede jioni hiyo, walipokuwa wakila ugali wa amala wao wawili.

"Ungesema wewe. Ulikuwa na mdomo."

"Ulikwisha kujibu."

"Nami ningejibu nini, huku yule mwanamke akitafuna samaki wangu na kutega sikio? Abosede ana miaka ishirini na minne. Wenzake wana watoto wawili wawili. Nikisema ndiyo kwa ajili ya yule mdogo, nimesema hapana kwa ajili ya huyu mkubwa. Niambie wewe ungemchagua nani."

Baba Abosede alifinyanga tonge lake kwa muda mrefu.

Mama Abosede alikuwa amekwisha kuamua. Jibu la akina Adegbite lilitarajiwa ndani ya wiki mbili, na Mama Sijuade alikuwa na tabia ya kutokea bila kutangulizwa na mtu. Ayinke alianguka mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili, na hakuna aliyejua siku. Hivyo angepelekwa shambani Aba Alapo, kwa shangazi yake Wuraola, akasaidie kazi ya muhogo mpaka jibu lije.

"Sawa," alisema mumewe. "Lakini mwambie dada yangu."

"Dada yako akijua leo, kesho soko zima limejua."

"Ni damu yake."

"Ni damu yake, lakini mdomo nao ni wake."

Baba Abosede hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kunyamaza, na kwa miaka mingi katika nyumba ile ukimya wake ulikuwa umechukuliwa kuwa ni amani. Usiku huo pia alinyamaza.

Asubuhi, Mama Abosede alimfungia Ayinke kanga mbili, sabuni kipande, na chupa ya dawa ya mganga iliyochanganywa mkojo wa ng'ombe na majani ya tumbaku.

"Kijiko kimoja kila ukiamka. Ukiulizwa, sema ni ya minyoo."

"Nikihisi inakuja, nifanye nini?"

"Haitakuja."

"Lakini ikija, mama? Nimwambie shangazi?"

Mama Abosede alikaza fundo la mzigo, akalifungua, akalikaza tena. "Usimwambie mtu. Ni siku chache tu. Dada yako akipata jibu nakufuata mwenyewe."

"Na harusini nitakuwepo?"

"Utakuwepo, na sare utavaa kama sisi wote."

"Rangi gani?"

"Buluu."

Ayinke aliifikiria ile buluu. "Basi asishone Akanbi," alisema, akabeba mzigo wake kichwani.

Abosede, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na ambaye hakuna aliyemwuliza lolote, alimsindikiza mdogo wake hadi barabarani, akarudi na kuingia ndani bila kumtazama mama yake.

* * *

Daktari alikuja siku ile ile waliyoahidiwa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alipiga magoti kwenye mkeka wa bibi bila kujali suruali yake. Alimpima bibi shinikizo la damu, akampa vidonge. Aligonga magoti ya Baba Abosede kwa kinyundo cha mpira, akamchoma nyayo kwa pini, na Baba Abosede hakuihisi pini.

"Muhogo wenu mnauloweka siku ngapi kabla ya kuusaga?"

"Siku moja, daktari," alijibu Mama Abosede. "Wanunuzi hawangoji."

"Wangoje. Uloweke siku nne, hata tano. Sumu iliyobaki ndani yake ndiyo inayomla miguu mume wako. Na apunguze kuula peke yake. Atafute maharagwe, samaki, hata mayai."

"Samaki huliwa na wageni," alisema bibi.

Daktari alitabasamu, akapekua karatasi za Remilekun. "Hapa pameandikwa mabinti wawili."

"Mdogo yuko kwa shangazi yake. Yeye mzima."

"Vema."

Alipotoka, Mama Abosede alimfuata akisema kwamba anamwonyesha njia ya nyumba ya pili, ambayo daktari aliiona kwa macho yake. Walipofika penye kona, alisimama.

"Daktari, mtaa wa juu kuna mwanamke mmoja. Ana mtoto anayeanguka. Anaona haya kusema."

Daktari hakumtazama usoni. Alitazama ukingo wa kitambaa ambacho mama huyo alikuwa akikisokota kwa vidole, akajibu taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

"Mwambie amlete. Ni kidonge kimoja kila jioni, na wengi wakimeza hawaanguki tena. Mwambie povu haliambukizi mtu. Mwambie pia kwamba katika mitaa hii mitatu, mpaka jana, tumeandika watu kumi na wanane wenye ugonjwa huo. Kila mama alidhani ni wake peke yake."

"Kumi na wanane?"

"Hao ni wale waliosema." Alihamisha mkoba wake kutoka bega moja hadi jingine. "Na kabla hajamleta, awaambie wote wanaokaa na mtoto kwamba asiachwe peke yake karibu na moto wala maji. Hata maji ya kufika goti."

"Huwezi kunipa vidonge nikampelekee?"

"Nimpe dawa mtu nisiyemwona? Siwezi, mama. Ningefanya kosa. Lakini nipo hapa leo na kesho. Keshokutwa tunahamia ng'ambo ya mji."

Mama Abosede alifungua mdomo. Mtu angekuwa karibu angeliona lile neno likiwa tayari ulimini mwake. Wakati huo wanawake wawili waliotoka sokoni wakapita, wakamsalimu daktari, kisha wakamsalimu yeye kwa jina la binti yake mkubwa, wakimtania juu ya harusi ijayo. Akawajibu. Walipokwisha kupita, alimshukuru daktari akarudi nyumbani.

Njiani alipanga mambo. Jibu la akina Adegbite lingeletwa kesho kabla ya adhuhuri. Akishalipokea tu, angekwenda Aba Alapo kwa miguu, angemchukua mtoto, na kabla ya magharibi wangekuwa mbele ya daktari. Ilikuwa siku moja tu. Alirudia kuipanga ile siku mara tatu, na kila mara mambo yake yalienea ndani yake.

* * *

Mama Sijuade aliwahi. Alifika amevaa kilemba kipya, akakaa, akainuka, akakaa tena, akasema kwamba wazee wa Adegbite wameridhika na kwamba waandaliwe siku ya kuja na kokwa zao za kola na viazi vikuu vyao vya posa. Abosede alipiga magoti mbele yake. Bibi alimwaga machozi kwa jicho moja, lile la upande ulio mzima. Mama Abosede alishukuru kwa maneno yote yanayotakiwa, akaingia chumbani kufunga kitambaa cha safari.

Alipotoka, Ladokun, mume wa Wuraola, alikuwa ameegemeza baiskeli yake ukutani. Aliomba maji, akapewa, hakuyanywa. Alimwomba Baba Abosede watoke nje wazungumze kidogo.

"Ayinke hajambo?" aliuliza Mama Abosede.

"Anaumwa kidogo," alijibu Ladokun, akitazama maji yake.

Kwetu hakuna aliyefiwa asiyelijua jibu hilo. Mama Abosede alikaa chini, pale pale alipokuwa amesimama, na kitambaa cha safari kikiwa kichwani.

Walimzika alasiri hiyo hiyo kule shambani. Baba yake alifika mpaka njia panda, na hapo wanaume wakamshika mikono wasimwache aende mbele, kwa kuwa kwetu mzazi haonyeshwi kaburi la mtoto wake. Mama yake hakutolewa hata nje ya ua. Remilekun alipita mara mbili barabarani na ubao wake, na mara zote mbili hakuingia.

* * *

Siku ya tatu Wuraola alikuja. Chumba kilikuwa na watu tayari: bibi mkekani, Baba Abosede kwenye kigoda, majirani wanne, na Mama Sijuade kwenye kiti kilekile, kwa sababu mtu aliyeleta habari ya harusi hawezi kukosa msibani. Wuraola hakuketi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno mengi na vicheko, mtu ambaye sauti yake hutangulia kuingia. Sasa aliingia bila sauti, akapiga magoti mbele ya mke wa kaka yake, jambo ambalo dada wa mume hafanyi.

"Inuka, wifi," alisema Mama Abosede.

"Niache. Niseme kwanza." Alitazama mikeka. "Tulikuwa kijitoni, tunatoa muhogo uliolowekwa. Tulikuwa watano. Maji hayafiki goti, wifi, unapajua. Wenzetu walikwisha kutangulia; nilimwambia abaki akisuuza, mimi nikapanda na kapu. Nikageuka nikamwona ameinama, uso majini. Nikadhani anacheza. Nikamwita mvivu. Sikushuka. Nikamwaga muhogo wangu, nikamwita mvivu tena. Mara mbili, wifi. Mara mbili nilimwita mvivu."

Mmoja wa majirani alisonya. "Mtoto wa mwenzio unamgeuzia mgongo majini?"

"Ndivyo wanavyosema na kule," alisema Wuraola. "Wanasema nimemtoa kafara kwa ajili ya muhogo wangu, ndiyo maana biashara ilienda mwaka huu. Mume wangu halali chumbani kwangu. Jana nilimpikia, akawapa mbuzi. Labda ni kweli nimemuua. Mtu gani hufa kwenye maji ya gotini mtu mzima akiwa hapo hapo?"

Baba Abosede alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua.

"Mtoto aliteleza," alisema Mama Sijuade kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli. "Jiwe lina utelezi, kichwa kikagonga, basi. Ndiyo mambo ya Mungu. Tuseme aliteleza, tuyamalize. Au vipi, Mama Abosede?"

Njia ilikuwa imefunguliwa, pana kabisa. Hakutakiwa hata kusema neno. Angeitikia kwa kichwa tu. Wuraola angerudi Aba Alapo na neno la kujitetea, dogo, lakini neno. Abosede, aliyekuwa amesimama karibu na mtungi, angeolewa baada ya arobaini kupita. Mama Abosede aliwatazama wote wawili, kisha akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza mumewe hakukwepesha macho.

"Hakuteleza," alisema.

"Mama Abosede," alisema Mama Sijuade taratibu, kama anayemzuia mtu asikanyage kitu.

"Hakuteleza, na wifi yangu hakumuua. Ayinke alikuwa na kifafa. Tangu akiwa na miaka minane. Mimi nilijua, na baba yake alijua, na mama mkwe wangu. Yule binti wa Akanbi aliniuliza hapa mbele yako nikamjibu hapana, kwa sababu ulikuwapo. Daktari aliniambia kwa kinywa chake kwamba asiachwe karibu na maji, nikasema nitakwenda kesho. Mtoto mwenyewe aliniuliza kama amwambie shangazi yake. Nikamkataza."

Majirani waliacha kujipepea. Bibi alianza kulia, bila sauti, kwa jicho lake moja.

Mama Sijuade alikaa kidogo ili kuondoka kwake kusionekane kuwa ni kukimbia. Kisha akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akawapa pole wafiwa kwa majina yao. Hakusema lolote kuhusu akina Adegbite, wala hapakuwa na haja. Abosede alimbebea mkoba akamsindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa, na hakuna aliyemwona akilia.

Wuraola alikuwa bado amepiga magoti. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo ambaye mwili wake bado haujaamini. Alitazama viganja vyake, akavigeuza.

"Alikuwa akioga nami," alisema. "Alikuwa akilala mgongoni kwangu. Siku kumi na moja, wifi."

"Naomba unisamehe."

"Mdomo wangu ni mrefu, najua. Hata mume wangu hunitania. Lakini hili?" Alimtazama mke wa kaka yake usoni. "Ungeniambia tu. Hata ungeniapisha. Nisingempeleka majini. Na kama tungekwenda, ningekaa naye hapo hapo, nisingepanda na kapu. Ningemshika."

Akanyoosha mikono yake mbele, miwili, akaonyesha ambavyo angemshika, mmoja chini ya kwapa na mmoja chini ya kidevu, kichwa kikiwa juu ya maji. Aliiacha mikono hivyo hewani. Mama Abosede aliitazama, akasogea kwa magoti mpaka akaifikia, akalaza uso wake pale.